Hardcastle Crags: bonde dogo linalohitaji siku nzima

Kinachowadanganya watu wengi ni ramani. Kutoka stesheni ya Hebden Bridge, Yorkshire Magharibi, hadi Gibson Mill, kinu cha zamani cha pamba katikati ya msitu wa Hardcastle Crags, ni karibu kilomita 5. Aliyezoea kutembea anapiga hesabu ya haraka: saa moja kwenda, saa moja kurudi, katikati watu wanakula, jioni wanamalizia mjini. Saa nne baadaye bado wako msituni, watoto wanalia njaa, viatu vimeloa hadi soksi, na jua la Novemba limeshajificha nyuma ya kilima. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna anayetaka kusikia tena habari za msitu. Hiyo ndiyo hasara kubwa, maana bonde hili ni la kurudiwa kila msimu.

Siku ya Hardcastle Crags hupangwa kwa mwanga, kwa maji ya mto na kwa mwinuko. Kilomita zinahesabiwa mwisho.

Tuanze na mwanga, kwa sababu ndio unaoamua saa ya kutoka nyumbani. Mwishoni mwa Desemba jua huzama huku mnamo saa 9:45 alasiri. Mwishoni mwa Juni huzama kama saa 3:40 usiku. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako magharibi haisogei sana mwaka mzima, hatuna hisia hiyo mwilini. Ubongo unajua, lakini miguu inaendelea kutembea kana kwamba jioni bado. Tena bonde lenyewe ni jembamba na lina kina, kwa hiyo chini ya miti kiza huingia kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kalenda. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na wiki hiyo ndiyo yenye rangi nzuri kuliko zote, ndiyo pia inayowakamata wengi. Kuanzia Novemba hadi Januari, ondoka Gibson Mill kabla ya saa nane mchana. Hata kama kila mtu anafurahia, ondoka.

Kundi likiwa na wageni kutoka nyumbani pamoja na vijana waliozaliwa Uingereza, andikeni saa za treni kwa tarakimu kama zilivyo kwenye ratiba, kwa mfano 10:17. Mjomba aliyewasili juzi kutoka Tanga akiambiwa "tukutane saa nne" anaelewa asubuhi. Mpwa wake wa Leeds anaelewa alasiri. Mmoja wao ataachwa na treni.

Kwa kukadiria muda wa kutembea, wapanda milima wa Uingereza hutumia kanuni iliyotungwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Ni kanuni ya mtu mzima mwenye pumzi, asiyesimama kupiga picha. Mkiwa na watoto wa shule ya msingi au mzee mwenye magoti yanayouma, zidisha jibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo, kutoka stesheni hadi kinuni ni saa mbili na zaidi, na ndivyo inavyotokea kweli.

Treni ndiyo njia bora ya kufika. Hebden Bridge iko kwenye reli inayounganisha Leeds, Bradford, Halifax na Manchester Victoria, na kutoka Leeds au Manchester safari haifiki saa moja. Anayetoka London hupanda King's Cross hadi Leeds, kama saa mbili na robo, kisha hubadilisha. Pesa nyingi hupotea kwenye tiketi, na hupotea kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kununua tiketi ya mapema ya bei nafuu iliyofungwa na treni moja tu ya kurudi. Msitu ukikuchelewesha, tiketi hiyo imekufa na unanunua nyingine kwa bei kamili. Kwa matembezi ya aina hii chukua tiketi ya kwenda na kurudi isiyo ya saa za msongamano, utumie treni yoyote inayoruhusiwa. Siku za kazi tiketi hiyo kwa kawaida haifanyi kazi kabla ya saa 3:30 asubuhi, na baadhi zimezuiwa pia jioni watu wanapotoka kazini, kwa hiyo soma masharti yake kabla ya kulipa. Namna ya pili ni faini. Kupanda bila tiketi halali kunaweza kukugharimu pauni 100 juu ya nauli, hupungua hadi pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Familia yenye kadi ya punguzo ya Family & Friends hupunguziwa theluthi moja kwa watu wazima na asilimia 60 kwa watoto; ukisafiri mara mbili au tatu kwa mwaka kutoka mbali, kadi imeshajilipa.

Ukija na gari, msitu uko chini ya National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi mandhari na majengo ya kale, ambao walikabidhiwa ardhi hii na Lord Savile mwaka 1950. Kuingia hakulipiwi. Kinacholipiwa ni maegesho, na wanachama wa National Trust wanaegesha bure. Maegesho ya Midgehole, kwenye lango la chini, hujaa mapema mwishoni mwa wiki yenye jua. Wakikuta pamejaa watu hupandisha gari ukingoni mwa barabara, na barabara ile ni nyembamba kiasi kwamba gari moja likikaa vibaya, gari la zimamoto halipiti. Usifanye hivyo hata kwa dakika kumi. Maegesho ya pili, Clough Hole, yako juu kwenye barabara ya Widdop. Kutoka hapo unashuka moja kwa moja hadi kinuni, na wengi hulipenda kwa kuwa kushuka ni dakika chache tu. Wanasahau kwamba kurudi ni kupanda mteremko uleule mkali, mwisho wa siku, na mtoto aliyelala begani. Mwenye ulemavu na kibali cha maegesho anaweza kuomba mapema mojawapo ya nafasi chache zilizo karibu na kinu chenyewe. Apige simu kabla, asifike tu.

Mavazi nitayasemea kwa ukali kidogo kwa sababu hapa ndipo furaha ya watu inapozama. Usivae jinzi. Pamba ikiloa haikauki, inanyonya joto la mwili na inakuwa nzito mapajani. Vaa suruali ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, fulana ya michezo, sweta, na juu ya hayo koti la mvua lenye kofia. Mwavuli unanasa matawini na upepo wa huku unaugeuza ndani nje. Raba za mjini zenye soli laini zitakuangusha. Unataka soli yenye meno. Buti ghali si lazima, maduka ya vitu vilivyotumika ya mashirika ya hisani katika miji ya kaskazini huuza buti nzuri, ila angalia kama soli haijaanza kuachia kwenye ncha: ikunje kwa mikono miwili, ukiona mwanya kati ya soli na ngozi, iache. Beba soksi za akiba za kila mtu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna kitu kinachorudisha uhai kwa mtoto aliyeloa kama soksi kavu.

Ramani ya karatasi ya eneo hili ni Ordnance Survey Explorer OL21, kipimo cha 1:25,000, maana yake sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Njia za miguu za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Mistari ya mwinuko ikibanana, mteremko ni mkali, na pande zote mbili za bonde hili imebanana. Ukitumia simu, pakua ramani nyumbani, kwa sababu ukishashuka bondeni mtandao hukatika mara kwa mara.

Kutoka stesheni unapita bustani ya mji hadi katikati ya Hebden Bridge, kisha unafuata mto uitwao Hebden Water kuelekea juu. Kanuni ni hii tu: maji yawe yanakuja kukulaki. Baada ya kilomita mbili na ushei unafika Midgehole, na hapo msitu unaanza rasmi. Mbele ya lango kuna njia mbili za kwenda kinuni, na uchaguzi huu mdogo ndio unaoamua siku itakuwaje. Njia ya juu ni pana na ina uso mgumu usio na matope, magari ya wafanyakazi hupita humo. Ina mwinuko, lakini ndiyo ya kigari cha mtoto, ya bibi mwenye fimbo na ya siku ya mvua. Njia ya mtoni ni nzuri zaidi mara kumi, na ni ya mizizi, mawe, matope na vingazi visivyolingana. Kundi lenye watu wa aina zote lisilazimishane: wagawane, wakutane kinuni, na kila upande uwe na mtu mzima mwenye chakula na simu.

Ukiwa kwenye njia ya mtoni utakutana na mawe ya kuvukia, yaliyopangwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Yatazame vizuri kabla hujakanyaga. Jiwe la huku ni la mchanga mgumu, kavu linashika kiatu kama msasa. Likiloa na kuota ule utando wa kijani, au likifunikwa na jani la vuli lililolala bapa, linateleza kama sabuni. Sehemu salama ni ile iliyopauka, iliyochakaa katikati kwa nyayo za watu. Weka unyayo mzima, usiweke kisigino kwanza, magoti yalegee, macho kwenye jiwe linalofuata na si kwenye maji. Maji yakiwa yanapita juu ya jiwe hata moja, usivuke. Mto huu unapokea maji ya nyika zilizo juu ya bonde, kwa hiyo unaweza kujaa wakati mlipo hakunyeshi. Ukiona maji yamekuwa ya kahawia nzito na yanabeba vijiti, rudi juu njiani. Pale kinuni kuna daraja la mawe, hakuna atakayekosa kitu kwa kulisubiri.

Kwenye vijito vidogo vinavyoshuka pembeni utaona magogo na matawi yamelundikwa kukatiza maji, kama uchafu ulioletwa na mafuriko. Si uchafu. Ni mamia ya vizuizi vilivyojengwa na wenyeji wa kujitolea ili kupunguza kasi ya maji yanayoelekea mjini. Tarehe 26 Desemba 2015 Hebden Bridge ulizama kwa mafuriko makubwa, na miji yote ya bonde la Calder iliumia. Kila gogo linaloshikilia maji msituni kwa saa chache linawapa watu wa chini nafasi ya kuhamisha vitu vyao. Watoto wanapenda kuyavuta na kuyarusha. Waelezeni ni ya nini, wataelewa, na wengine wataanza kuyahesabu.

Vichuguu ni kitu kingine cha kuwaonyesha. Kandokando ya njia, hasa penye misonobari na jua kidogo, kuna malundo ya sindano za misonobari na vijiti. Ukiinama karibu unaona lundo lote linatembea. Hao ni sisimizi wa msituni wenye vinyweleo, jamii inayopatikana kaskazini mwa Uingereza. Mchwa wetu hujenga kwa udongo na mate. Hawa hujenga kwa sindano moja moja, sindano hizo zinamwaga mvua kama makuti na kuhifadhi joto. Hawali watu, lakini wakichokozwa hurusha tindikali inayowasha na kunuka kama siki. Njia zao hukatiza njia yenu, kwa hiyo tazama pa kukaa kabla hujatandika kanga. Wengi hukaa kwanza, halafu wanaruka.

Kwa msimu: bluebell, maua ya buluu yanayotandaza sakafu ya msitu, huchanua kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei. Usitoke njiani kwa ajili ya picha, jani lililokanyagwa halilishi kitunguu chake mwaka huo na mwakani ua halitoki. Rangi za vuli za miti ya beech na mialoni huwa bora kuanzia katikati ya Oktoba. Agosti ni ya nyika za juu, ambako heather, kichaka kifupi chenye maua madogo, hugeuza kilima kizima zambarau. Pembeni mwa mto, kiangazi, kuna upupu wa Kizungu, mmea wenye majani ya meno-meno unaowasha ukiugusa tu. Suruali ndefu inatosha kukulinda.

Gibson Mill inatokea ghafla, jengo refu la mawe na bwawa mbele yake. Siku isiyo na upepo jengo lote linaonekana majini, na kila mtu anasimama. Kilijengwa mnamo mwaka 1800 kusokota pamba kwa nguvu ya gurudumu la maji. Mwaka 1833 kilikuwa na wafanyakazi 21, kila mmoja kwa wastani wa saa 72 kwa wiki. Nashauri usome takwimu hiyo ukiwa umesimama ndani, penye dari fupi na sauti ya maji, kisha ukumbuke kwamba sehemu kubwa ya pamba ya viwanda vya Uingereza wakati huo ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa Marekani. Uzuri wa bonde haufutiki kwa kulijua hilo, lakini mtu wa kwetu anayepita hapa asipite bila kulijua. Uzalishaji ulikwisha mnamo 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa starehe ambako watu wa mitaa ya viwanda walikuja kucheza dansi na kuteleza kwa viatu vya magurudumu.

Leo kinu hakijaunganishwa na umeme wala maji ya mji. Kinajitegemea kwa mtambo wa maji ya mto, paneli za jua, kuni za msitu huu na maji ya chemchemi. Vyoo ni vya mboji. Hii ina maana kwa mgeni: usitegemee kuchaji simu hapo, njoo na betri ya akiba. Mkahawa upo, lakini siku na saa zake hubadilika kwa msimu, na kundi la watu kumi linaloufikia umefungwa, baada ya saa mbili za kutembea, lina hali mbaya. Bebeni chakula chenu. Chapati zilizokunjwa na mayai, maandazi, viazi vya kuchemsha, chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Vyote vinavumilia begi na baridi. Mwenye kuzingatia halali naye anakuwa hana wasiwasi. Nyama choma iacheni nyumbani, kuwasha moto wa aina yoyote msituni ni marufuku, na nyika za juu zimewahi kuungua vibaya. Takataka zote mrudi nazo, pamoja na maganda ya machungwa.

Wanaoswali watapata nafasi nyingi za utulivu, ila ardhi ni chepechepe karibu mwaka mzima. Mkeka wa plastiki chini ya mswala ni muhimu. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne hivi. Pangeni adhuhuri na alasiri kinuni kabla ya kuondoka, msije mkaikimbiza alasiri gizani njiani.

Kuna jambo ambalo wengi huliona lakini hawalisemi. Watu weusi ni wachache kwenye njia hizi, na kutazamwa kupo. Mara nyingi ni udadisi, mara chache si udadisi. Woga huo ni wa kweli, na umewafanya familia nyingi zibaki mjini miaka na miaka zikidhani mashamba si yao. Njia ya umma ni ya umma kisheria; hakuna anayehitaji kukuruhusu. Na desturi ya njiani inafanana na yetu kuliko ya mjini: wapitanjia husalimiana. London ukimsalimia usiyemjua anashtuka, huku usiposalimia ndiyo unaonekana wa ajabu. Wape salamu wewe kwanza, kwa sauti, na uone nyuso zinavyofunguka. Mageti yaache ulivyoyakuta, yaliyofungwa uyafunge. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali. Anayeogopa mbwa amwambie mwenye mbwa waziwazi amshike, wengi watafanya hivyo mara moja.

Mtu akivunjika mguu au akipotea, piga 999 au 112, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji waokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawatozi chochote. Usichelewe kupiga kwa kuogopa bili. Fanya jambo moja kabla ya safari: tuma neno "register" kwa ujumbe mfupi kwenda 999 na ufuate maelekezo, ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe pale ambapo mtandao hautoshi kwa sauti.

Baada ya kinu, wenye nguvu na mwanga wanaweza kwenda Heptonstall, kijiji cha wafumaji kilicho kileleni juu ya Hebden Bridge, karibu mita 150 juu ya mji. Kutoka mjini njia ya zamani ya farasi wa mizigo, iitwayo Buttress, inapanda moja kwa moja ikiwa imetandikwa mawe. Kuipanda ni jasho. Kuishuka ikiwa imeloa ni kuomba kuvunjika, mawe yake yamesuguliwa kwa karne kadhaa. Ushauri wangu ni panda kwa basi dogo kutoka mjini, na kama kumenyesha, shuka nalo pia. Angalia ratiba ya basi la mwisho kabla hujapanda.

Heptonstall ina makanisa mawili ndani ya uwanja mmoja. La kale, lenye asili ya karne ya 13, liliharibiwa na dhoruba mwaka 1847 na sasa ni kuta bila paa. Jipya likajengwa kando yake. Chini ya miguu yako ni mawe ya makaburi, yamepangwa kama sakafu, na mvua inayafanya yateleze. Hapo amezikwa David Hartley, kiongozi wa genge la bonde la Cragg Vale lililokata kingo za sarafu za dhahabu na kuyeyusha vipande kutengeneza nyingine bandia. Alinyongwa York mwaka 1770. Wanaokuja kwa ajili ya kaburi la mshairi wa Kimarekani Sylvia Plath, aliyefariki 1963, huzunguka bure kwenye uwanja huo. Kaburi liko kwenye uwanja mpya wa makaburi, ng'ambo ya kijia. Mtaa wa chini kidogo kuna kanisa la Kimethodisti la pembe nane la mwaka 1764, mojawapo ya makanisa ya kale kabisa ya dhehebu hilo yanayotumika hadi leo. Msomaji wa kutoka Pwani ya Kenya aliyesikia habari za misheni ya Wamethodisti wa Kiingereza iliyoanza Ribe mwaka 1862 ataliangalia kwa jicho lingine.

Kosa la gharama ni kuongeza kijiji cha Haworth siku hiyohiyo. Kwenye ramani ni karibu, lakini ni ng'ambo ya nyika, basi si la kila dakika, na nyumba ya familia ya Brontë, dada watatu waandishi wa riwaya, iliyofanywa makumbusho mwaka 1928 haifunguliwi kila siku. Ipe Haworth siku yake pamoja na treni ya mvuke ya Keighley, kilomita 8 za reli zilizofufuliwa mwaka 1968. Mnara wa Stoodley Pike nao, ule mrefu wa mita 37 unaoonekana kilimani, uliojengwa upya mwaka 1856 baada ya wa kwanza kuanguka, ni nusu siku kamili na upepo wake unasukuma mtoto. Mwenye saa moja tu kabla ya treni atembee kando ya mfereji wa Rochdale, uliofunguliwa mwaka 1804. Ni tambarare kabisa, na kutoka humo unaziona zile nyumba za Hebden Bridge zilizopandana: familia moja inaingilia mlango wa mtaa wa chini, nyingine iliyo juu yake inaingilia nyuma, mtaa wa kilimani, kwa sababu ardhi ya kujenga ilikosekana.

Mkiwa mjini na mvua ni kubwa, kisha mkasikia king'ora cha mafuriko, msiende kutazama mto. Pandeni mtaa wa juu na mfuatilie hali ya treni, kwa kuwa reli na barabara zote zimebanwa chini bondeni.

Nyumbani, kabla ya kuoga, kila mtu akaguliwe kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio ya watoto na kwenye mstari wa nywele. Ukimpata, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute wima polepole bila kumzungusha wala kumpaka mafuta au kumchoma, kisha safisha kwa dawa ya vidonda na uandike tarehe. Doa jekundu linalopanuka wiki zinazofuata, au homa ya mafua isiyoeleweka, mwonyeshe daktari na umtajie msitu na tarehe hiyo, maana kupe wa huku wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Buti zitoe tope kwa maji baridi, zijaze magazeti na uziweke mbali na hita. Joto kali ndilo linaloachia soli.